Yesu alipanda Yerusalemu mara ngapi? Tuzisome Injili kwa miguu

Msoma Njia (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Jumapili iliyopita nilikuwa nafundisha watoto, somo likiwa Luka 2, Yesu akiwa na miaka 12. Mtoto mmoja wa darasa la nne akaniuliza, "Mwalimu, mama yake alikaaje siku nzima bila kujua mwanawe hayupo? Mchana hakumtafuta ale?" Nikamjibu kwamba walikuwa watu wengi. Akanyamaza, lakini uso wake ulionyesha hajaridhika. Mimi pia sikuridhika.

Wiki nzima nimekuwa nasoma juu ya safari hizi za kwenda Yerusalemu, na nimegundua kwamba miaka yote nimezisoma Injili kama mahubiri yaliyopangwa moja baada ya jingine, wakati sehemu kubwa ni habari za watu walio njiani, wenye vumbi miguuni. Naomba tujadili. Nitaanza na ninachokijua, na wenye kujua zaidi mniongezee.

Torati (Kumbukumbu la Torati 16:16) iliwataka wanaume wa Israeli waonekane mbele za Mungu mara tatu kwa mwaka: Mikate Isiyotiwa Chachu, yaani msimu wa Pasaka, kisha Majuma, ambayo sisi tunaiita Pentekoste, kisha Vibanda. Kwa mkulima wa Galilaya mara tatu ilikuwa mzigo. Luka anasema wazazi wa Yesu walikwenda kila mwaka kwa Pasaka, na amewataja wote wawili, ingawa sheria ilimdai Yusufu peke yake. Maria alitembea njia ile kwa hiari.

Sasa, swali la yule mtoto. Biblia yetu ina neno moja linalojibu: msafara. Walisafiri ukoo kwa ukoo na kijiji kwa kijiji, kwa sababu ya wanyang'anyi na kwa sababu ya njaa. Kijana wa miaka 12 katika msafara wa namna hiyo ana mashangazi, wajomba na binamu wa kutosha, anakula popote panapopakuliwa. Ndiyo maana walipomkosa walimtafuta kwanza "katika jamaa zao na wenzao". Hesabu hufanyika jioni, watu wanapolala. Mwendo wa siku moja, siku nyingine ya kurudi, na siku ya tatu ya kumtafuta mjini. Hizo ndizo siku tatu za Luka.

Kutoka Nazareti hadi Yerusalemu ni zaidi ya kilomita 100. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1 ambaye mwenyewe aliongoza vita huko Galilaya, anaandika kwamba anayetaka kufika haraka apite Samaria, na atatumia siku tatu.

Nitarudi na suala la Samaria, maana hapo pana mambo.

Kijana wa Kinubi

Nipo mkuu, endelea. Hili la hesabu ya jioni sijawahi kulifikiria.

Mama wa Kwaya

Bwana asifiwe mwalimu. Mimi nauliza kitu kidogo. Kwa nini kila mahali wanasema "kupanda" Yerusalemu? Hata mtu akitoka kaskazini, bado anapanda. Kwaya yetu tumeimba Zaburi ya 122 miaka na miaka, "Nalifurahi waliponiambia, na twende nyumbani kwa BWANA", na juu yake imeandikwa "wimbo wa kupanda mlima". Mlima upi?

Msoma Njia

Asifiwe sana mama. Yerusalemu iko juu ya safu ya vilima, kama meta 750 juu ya usawa wa bahari. Yeriko, mji wa mwisho kwa anayekuja kwa bonde la Yordani, uko kama meta 250 chini ya usawa wa bahari. Kati ya miji hii miwili ni kama kilomita 25 tu. Kwa hiyo ndani ya siku moja mtu anapanda meta 1,000 hivi, katika jangwa la mawe, karibu bila maji. Aliyewahi kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto kwa miguu anaweza kupiga picha ya mapaja yanavyouma, ila aondoe migomba na vijito vyote.

Zaburi zenye kichwa hicho ni 15, kuanzia ya 120 hadi ya 134. Wataalamu wengi wanaamini zilikuwa nyimbo za wasafiri hawa. Soma ya 121 ukiwa na barabara hiyo kichwani: macho yanainuliwa kwenye milima, mguu unaombewa usiteleze, jua linaombewa lisipige mchana. Hayo ni maombi ya mtu anayetembea.

Na hapo hapo tazama mfano wa Msamaria Mwema. "Mtu mmoja alishuka toka Yerusalemu kwenda Yeriko." Wasikilizaji waliijua kona kwa kona. Tena kuna jambo watu huliruka: kuhani naye "alishuka" kwa njia ile. Tumezoea kuhubiri kwamba alimkwepa yule majeruhi kwa kuogopa kunajisika kabla ya zamu yake hekaluni. Lakini alikuwa anashuka! Anatoka Yerusalemu, hekalu liko mgongoni kwake. Kisingizio cha zamu tumempa sisi, Yesu hakumpa.

Mzee wa Baraza

Shikamooni wakubwa, na vijana marahaba. Mwalimu, umegusa pazuri. Tueleze Samaria.

Msoma Njia

Marahaba kwa niaba ya wakubwa, na kwako mzee shikamoo.

Wasamaria walikuwa na mlima wao mtakatifu, Gerizimu, na hekalu lao pale juu lilibomolewa na mtawala Myahudi Yohane Hirkano mwishoni mwa karne ya 2 kabla ya Kristo. Sasa fikiria kila mwaka, mara tatu, misafara ya Wagalilaya inapita katikati ya vijiji vyako ikiimba nyimbo za kuusifu mlima wa wale waliobomoa hekalu lako. Mgalilaya anaomba maji, anaomba pa kulala. Wengine waliwapa, wengine hawakuwapa.

Josephus anasimulia kisa cha wakati wa liwali Cumanus, miaka kama 20 baada ya Yesu. Wagalilaya waliokuwa wakienda sikukuu walishambuliwa mahali paitwapo Ginae, mpakani (ndipo Jenin ya leo). Katika kitabu kimoja anasema aliuawa mmoja, katika kingine anasema wengi. Kisasi kikafuata, vijiji vikachomwa, Warumi wakaingia kati, kesi ikafika hadi kwa Kaisari Klaudio, na Cumanus akaishia uhamishoni.

Sasa rudi Luka 9:51. Yesu "aliukaza uso wake" kwenda Yerusalemu. Tukio la kwanza kabisa la safari hiyo ni kijiji cha Wasamaria kukataa kumpokea, na Luka anataja sababu: kwa kuwa uso wake ulikuwa unaelekea Yerusalemu. Kosa lake machoni pao lilikuwa ni kule anakokwenda. Yakobo na Yohana wakataka moto ushuke uwateketeze, naye akawakemea, wakaenda kijiji kingine.

Halafu fungua ukurasa unaofuata. Sura ya 10, Msamaria ndiye shujaa wa mfano. Sura ya 17, wakoma kumi, anayerudi kushukuru ni Msamaria. Mtu aliyenyimwa malazi na Wasamaria mwanzoni mwa safari anatumia safari hiyo hiyo kuwasema vizuri mbele ya Wayahudi wenzake. Mimi jambo hili limenitoa machozi, na sioni haya kusema.

Dira ya Kusini

Mwanzisha uzi, asante kwa elimu, lakini naona unazunguka swali uliloliweka kwenye kichwa. Mara ngapi? Ukisoma Marko, Yesu mtu mzima anakwenda Yerusalemu mara moja tu, anasulubiwa wiki hiyo hiyo. Mathayo vivyo hivyo. Ukisoma Yohana anapanda na kushuka kila sikukuu. Na kufukuza wafanyabiashara hekaluni, Yohana anakuweka mwanzoni sura ya 2, wengine watatu wanakuweka wiki ya mwisho. Nani mkweli?

Msoma Njia

Swali la haki mkuu, sitalikwepa.

Kwa Yohana, hesabu iko hivi. Pasaka ya kwanza, sura ya 2, yuko Yerusalemu. Sura ya 5 kuna sikukuu ambayo hakuitaja jina. Sura ya 6 ni Pasaka nyingine, lakini hapo yuko Galilaya. Sura ya 7, Vibanda: ndugu zake wanamhimiza apande, anakataa kwenda nao, kisha anakwenda kwa siri. Sura ya 10, Sikukuu ya Kutabaruku, wakati wa baridi, anatembea katika ukumbi wa Sulemani. Kisha Pasaka ya mwisho. Ile "miaka mitatu ya huduma" tunayoitaja kila siku imetoka kwenye hesabu hii ya Pasaka za Yohana. Marko peke yake asingekupa miaka mitatu.

Mimi naamini Yohana yuko sahihi kwamba alikwenda mara nyingi, na ushahidi wangu naupata kwa wale wengine watatu. Katika Luka 13:34 Yesu analia juu ya Yerusalemu kwamba ni mara ngapi ametaka kuwakusanya watoto wake. Mtu aliyefika mara moja hasemi mara ngapi. Marko mwenyewe anaonyesha kwamba mwenye mwanapunda, karibu na Bethfage, anaambiwa "Bwana ana haja naye" na punda anatolewa. Mwenye chumba cha juu naye anaambiwa tu "Mwalimu asema", na chumba kiko tayari. Bethania kuna nyumba anayolala. Watu hawa hawakumfahamu jana.

Kwa nini basi Marko ana safari moja? Marko ameijenga Injili yake kama njia moja. Tazama 10:32: wako njiani wakipanda, Yesu anatangulia mbele, wanashangaa, na wanaofuata wanaogopa. Mwandishi huyu ameweka nguvu zake zote kwenye mwendo mmoja kuelekea msalabani. Kukupa kalenda haikuwa kazi yake.

Kuhusu hekalu kusafishwa mwanzoni au mwishoni, wapo wanaosema lilifanyika mara mbili. Mimi naona ni mara moja na kwamba Yohana amelileta mbele kwa sababu zake za kufundisha, wala sitagombana na anayeona tofauti. Lakini Yohana ametupa kitu hapo ambacho hakimo kwingine: Wayahudi wanasema hekalu limejengwa kwa miaka 46. Herode alianza ujenzi karibu mwaka 20 kabla ya Kristo. Ukipiga hesabu unafika karibu mwaka 27 au 28. Hii ni moja ya nguzo wanahistoria wanazotumia kuweka tarehe za huduma ya Yesu.

Dira ya Kusini

Hoja ya mwanapunda imeniingia. Ya hekalu bado naitafakari.

Sauti Nyikani

Ndugu zangu, nimesoma kimya hadi hapa. Elimu nzuri, lakini mbona mnasahau Yohana 4? Yesu alimwambia mwanamke Msamaria wa Sikari wazi kabisa: saa inakuja, hamtamwabudu Baba katika mlima huu wala Yerusalemu. Mambo ya mji mtakatifu, udongo mtakatifu na maji ya Yordani kwenye chupa yamekwisha. Nimeona muumini akiuza shamba la familia ili aende kukanyaga mahali Yesu alipokanyaga, watoto wakabaki bila ada. Hili linaniuma.

Msoma Njia

Ndugu Sauti, linaniuma na mimi, na andiko ulilolitaja ni kweli tupu. Nitakujibu kwa kirefu tukifika karne ya 4, maana wapo watakatifu waliosema kama wewe. Ila kumbuka aliyeyasema maneno hayo ya Yohana 4 alikuwa njiani, amechoka, saa sita mchana, akirudi Galilaya kutoka kwenye Pasaka ya Yerusalemu.

Mama wa Kwaya

Mwalimu, na hao waliopinduliwa meza? Kila mwaka nahubiriwa kwamba walikuwa wezi. Walifikaje hekaluni?

Msoma Njia

Mama, Torati yenyewe iliwafungulia mlango. Kumbukumbu la Torati 14 inasema njia ikiwa ndefu mno, uza sadaka yako kwako, fedha uifunge mkononi, uende ukanunue kule. Mtu wa Alexandria au wa Roma asingeweza kumvusha kondoo bahari nzima. Na kila mwanaume wa miaka 20 na zaidi alidaiwa nusu shekeli kwa mwaka kwa ajili ya hekalu, ikilipwa kwa sarafu ya Tiro kwa sababu fedha yake ilikuwa safi. Mwenye sarafu nyingine ilibidi abadilishe. Kwa hiyo huduma ilihitajika. Alichokikuta Yesu ni huduma hiyo imejaa ndani ya ua pekee ambamo watu wa mataifa, yaani wasio Wayahudi, waliruhusiwa kuomba, na ndiyo maana katika Marko anataja nyumba ya sala "kwa mataifa yote".

Hebu sasa tazama ni viti vya nani vinatajwa: vya waliokuwa wakiuza njiwa. Kwa Walawi 12, mwanamke aliyejifungua alipaswa kutoa mwanakondoo, na asiyeweza atoe njiwa wawili. Luka 2:24 inatuambia Maria alitoa sadaka ya ndege wawili. Viti vile ndivyo walipoelekea akina mama maskini kama mama yake.

Mtu wa mataifa hakuruhusiwa kupita ua huo kwenda ndani. Palikuwa na ukuta mfupi wenye maandishi ya Kigiriki yakimwonya mgeni kwamba akivuka, kifo chake ni juu yake mwenyewe. Jiwe moja la onyo hilo liligunduliwa mwaka 1871, na sasa liko kwenye jumba la makumbusho la Istanbul. Liwekeni akilini, litamhusu Paulo.

Binti Mkatekista

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Naomba niongeze upande wa wanawake, maana mwalimu ameanza na Maria.

Marko 15:40-41 inataja wanawake waliosimama mbali wakitazama msalaba: Maria Magdalene, Maria mama wa Yakobo na Yose, Salome, kisha inasema "na wengine wengi" waliopanda pamoja naye mpaka Yerusalemu. Wengi! Kwa hiyo katika barabara ile yote, Yeriko, Bartimayo, ule mlima, walikuwepo, na sisi tunawachora kumi na wawili peke yao. Luka 8 inasema wanawake hao waliwahudumia kwa mali zao. Gharama ya chakula cha msafara ilitoka mifukoni mwao. Wanaume walipotawanyika, wao walibaki hadi kaburini. Ningependa mahubiri ya Jumapili ya Matawi yawataje hata mara moja.

Mzee wa Baraza

Milele amina, binti. Nitalipeleka hilo kwa mchungaji wetu.

Mwalimu, watu walilala wapi? Mji ulikuwa na kuta, na Josephus anazungumzia watu zaidi ya milioni 2 wakati wa Pasaka.

Msoma Njia

Mzee, takwimu hiyo ya Josephus wanahistoria wa leo hawaikubali, mji ulikuwa mdogo mno. Lakini hata laki moja au mbili zingeujaza pomoni. Watu walilala vijiji vya jirani, kwenye mahema, chini ya miti. Yesu wiki ile ya mwisho alilala Bethania, na Luka anasema usiku alitoka kwenda Mlima wa Mizeituni. Alifanya hivyo "kama ilivyokuwa desturi yake", na Gethsemane iko hapo. Yuda alijua pa kumpata kwa sababu palikuwa mahali pao pa kulala wakati wa sikukuu.

Waliotoka nchi za mbali walikuwa na nyumba za wageni. Kabla kidogo ya Vita ya Kwanza ya Dunia, wachimbaji walipata jiwe la Kigiriki katika mji wa Daudi. Kuhani mmoja, Theodotos, ameandika kwamba amejenga sinagogi kwa ajili ya kusoma Torati na kufundisha amri, pamoja na vyumba vya wageni na mitambo ya maji kwa wanaotoka ng'ambo. Soma Matendo 2, orodha ya Waparthi, Wamedi, watu wa Misri, Libya, Roma, Krete na Arabuni. Soma Matendo 6:9, sinagogi la Wakirene na Waiskanderia. Watu hao walikuwa na mahali pa kufikia.

Na mmoja wao alitoka Afrika chini ya Misri: yule towashi wa Kandake, Matendo 8. Kandake lilikuwa jina la cheo cha malkia wa Kushi, makao yake Meroe, Sudan ya leo. Alikuja Yerusalemu kuabudu, na kwa kuwa alikuwa towashi, Torati (Kumbukumbu la Torati 23) ilimzuia kuingia katika mkutano. Anarudi nyumbani garini akisoma Isaya. Filipo anamkuta kwenye sura ya 53. Sura tatu mbele yake, katika Isaya 56, kuna ahadi kwa matowashi, kwamba watapewa jina ndani ya nyumba ya Mungu. Sijui kama alifika hapo kabla ya kukutana na maji. Natamani sana awe alifika.

Kijana wa Kinubi

Mungu akubariki mkuu. Na Paulo? Umesema jiwe litamhusu.

Msoma Njia

Paulo mwenyewe, Wagalatia 1 na 2, anasema baada ya miaka mitatu alipanda kuonana na Kefa (yaani Petro) akakaa siku 15, kisha baada ya miaka 14 akapanda tena na Barnaba na Tito. Ile ya mwisho, karibu mwaka 57, ndiyo inayonishika.

Alikuwa anapeleka fedha. Miaka kadhaa alichangisha makanisa ya Galatia, Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu: 1 Wakorintho 16, 2 Wakorintho 8 na 9, Warumi 15. Matendo 20:4 inataja watu saba waliofuatana naye, kutoka Beroya, Thesalonike, Derbe, Asia. Wengi wetu tunaipita kama orodha ya majina. Ukiisoma pamoja na 1 Wakorintho 16:3, unaona ni wajumbe wa makanisa, wasindikizaji wa sadaka. Wakristo wa mataifa wanapanda Yerusalemu na sadaka mkononi, kama msafiri wa Torati. Paulo alikimbilia kufika siku ya Pentekoste.

Kila bandari anaonywa asiende. Tiro wanamwonya. Kaisaria, nabii Agabo anajifunga miguu na mikono kwa mshipi wa Paulo. Wote wanalia. Naye anakwenda, analala kwa Mnasoni wa Kipro.

Katika Warumi 15:31 alikuwa ameomba aombewe ili huduma yake ipokelewe na watakatifu wa Yerusalemu. Luka hasemi kama ilipokelewa. Anachosimulia ni fujo hekaluni: Wayahudi wameshamwona Paulo mjini na Trofimo wa Efeso, mtu wa mataifa, wakadhani amemvusha ule ukuta wa onyo. Hapo ndipo lilipo lile jiwe. Akaokolewa na askari wa Kirumi, akabaki kifungoni, na hakuna safari nyingine ya Yerusalemu katika kitabu hicho.

Dira ya Kusini

Halafu mwaka 70 mji ukaanguka. Nani aliendelea kupanda, na kwenda wapi?

Msoma Njia

Tito, jemadari wa Kirumi (si yule mwenzake Paulo), aliliteketeza hekalu mwaka 70. Baada ya uasi wa Bar Kokhba (132 hadi 135) Kaisari Hadrian akajenga mji wa Kirumi juu yake, Aelia Capitolina, na Wayahudi wakapigwa marufuku kuingia. Kwa karne mbili Wakristo wachache sana walikwenda. Mmoja ni Melito, askofu wa Sardi, karne ya 2, aliyesafiri mashariki ili kupata orodha sahihi ya vitabu vya Agano la Kale. Mwingine ni Aleksanda kutoka Kapadokia, mwanzoni mwa karne ya 3: alikuja kusali na kuona mahali patakatifu, wenyeji wakamzuia kuondoka na kumfanya askofu wao.

Mambo yalibadilika na Kaisari Konstantino. Helena mama yake alifika karibu mwaka 326 au baada yake kidogo, na kanisa la Kaburi Takatifu likazinduliwa mwaka 335. Mwaka 333 alipita msafiri kutoka Bordeaux ambaye hakuacha jina lake. Aliandika umbali wa kila kituo cha kubadilisha wanyama toka Ufaransa ya leo. Yeriko alionyeshwa mkuyu wa Zakayo. Mahali pa hekalu aliona jiwe lililotobolewa, ambalo Wayahudi waliruhusiwa kulifikia mara moja kwa mwaka, wakalipaka mafuta, wakalia na kurarua nguo zao. Hapo niliacha kusoma kwa muda. Wale ambao safari hii ilikuwa yao toka mwanzo sasa wanaipata siku moja kwa mwaka, tena kwa kulia.

Kisha Egeria, mwanamke wa magharibi, karibu mwaka 381 hadi 384. Barua yake kwa dada zake ilipotea hadi mwaka 1884, ilipopatikana nakala huko Arezzo, Italia, nayo haijakamilika. Anasimulia Jumapili moja kabla ya Pasaka: saa saba watu wote wanapanda Mlima wa Mizeituni, wanaimba na kusoma, saa kumi na moja inasomwa Injili ya watoto waliomlaki Bwana na matawi, kisha wanashuka mjini kwa miguu, polepole ili wazee na akina mama wasichoke, watoto wasioweza kutembea wakibebwa mabegani, kila mmoja na tawi la mtende au mzeituni. Saa zake ni kama zetu, zinahesabiwa toka jua kuchomoza, kwa hiyo Mswahili anazisoma bila kugeuza kitu.

Dada Binti, Jumapili ya Matawi ya parokia yako ilitoka hapo. Mahujaji waliona, wakarudi makwao, wakaanza kufanya.

Binti Mkatekista

Nimepata baridi mwilini. Wiki chache zilizopita nilikuwa nakata makuti na watoto wa Utoto Mtakatifu.

Sauti Nyikani

Mwalimu, uliniahidi watakatifu wanaosema kama mimi.

Msoma Njia

Ni kweli ndugu yangu. Gregori, askofu wa Nisa huko Kapadokia, alikwenda Yerusalemu mwenyewe kwa kazi ya kanisa, miaka hiyo hiyo ya Egeria. Aliandika barua kwamba Bwana hakuiweka safari hiyo kati ya matendo mema aliyoyaagiza, kwamba kubadili mahali hakumsogezi Mungu kwako, na kwamba uovu alioukuta mjini ulionyesha neema haikujaa pale kuliko Kapadokia. Alihofia hasa usalama na heshima ya wanawake watawa katika nyumba za wageni za njiani. Yeronimo naye, aliyehamia Bethlehemu mwaka 386, alimwandikia Paulino kwamba mlango wa mbinguni uko wazi sawasawa kutoka Uingereza na kutoka Yerusalemu. Lakini ni Yeronimo huyo huyo aliyemsifu Paula kwa jinsi alivyoanguka kifudifudi mbele ya msalaba.

Kwa hiyo kuhusu shamba na ada, Gregori angesimama upande wako, na mimi nasimama nanyi. Ila siwezi kusema njia ile haina kitu. Bwana mwenyewe aliitembea toka utoto.

Sauti Nyikani

Nimekuelewa. Bado nasema roho na kweli kwanza. Lakini barua ya huyo dada nitaitafuta niisome.

Mzee wa Baraza

Mwalimu, la mwisho kwangu. Simoni wa Kirene. Naye alikuja sikukuu?

Msoma Njia

Kirene ni Libya ya leo, mzee, na Wakirene walikuwa wengi Yerusalemu, wengine wakazi, wengine wageni wa Pasaka. Marko anasema tu alikuwa anapita, akitoka shamba, wakamlazimisha. Kisha anaongeza kwamba ni baba yao Iskanda na Rufo, bila kueleza Iskanda na Rufo ni nani. Anaandika kwa watu waliowajua. Na katika Warumi 16:13 Paulo anamsalimu Rufo fulani huko Roma pamoja na mama yake, ambaye anasema ni mama yake yeye pia. Kama ni Rufo yule, basi mke wa Simoni alimlea Paulo kama mwanawe.

Kesho kutwa nina watoto tena. Nitaanza na msafara, na nani alimpa Yesu chakula cha mchana.